Deni la Mmiliki na Benchi la White Sox

Katika besiboli ya kulipwa ya Marekani, kipindi cha kati ya kumalizika kwa fainali mwishoni mwa Oktoba na kuanza kwa mazoezi ya pamoja katikati ya Februari huitwa mapumziko, ingawa kwa wanaoendesha klabu ndicho kipindi chenye kazi nyingi kuliko vyote, kwa kuwa ndipo makocha wanapoajiriwa na kuachishwa, mikataba inapojadiliwa, na vijana wenye vipaji wanapobadilishwa na wazoefu baina ya klabu moja na nyingine. Kosa linalofanyika uwanjani mwezi Mei huonekana na maelfu ya watu siku hiyohiyo, lakini kosa linalofanyika ofisini mwezi Novemba laweza kukaa mwaka mzima au hata miwili kabla ya kujitokeza, na likijitokeza huwa limekwisha kujichanganya na majeraha, bahati mbaya na makosa ya watu wengine kiasi kwamba ni vigumu kulitambua. Mazungumzo haya yanahusu mapumziko ya mwaka 2020 katika klabu ya Chicago White Sox, na maamuzi yaliyofuatana baada yake hadi timu hiyo ilipopoteza michezo 121 katika msimu mmoja wa 2024, idadi ambayo hakuna timu nyingine ya ligi kuu iliyowahi kuifikia katika zama za kisasa za mchezo huo, yaani tangu mwaka 1901.

Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki, ambaye pengine ameuona mchezo huu kwenye filamu zaidi kuliko uwanjani, yafaa kueleza kwanza nani ni nani. Besiboli haijaota mizizi mirefu katika eneo hili, na nchi inayotajwa zaidi ni Uganda, ambayo vijana wake wa Lugazi walikuwa, mwaka 2012, timu ya kwanza ya Kiafrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto yanayofanyika Williamsport, jimboni Pennsylvania. Katika klabu ya kulipwa kuna ngazi tatu za uamuzi. Ngazi ya juu ni ya mmiliki, mwenye mali na mwenye neno la mwisho. Ya pili ni ya meneja mkuu, ambaye haingii uwanjani bali huongoza ofisi inayosajili, kuacha na kubadilishana wachezaji, na ambaye kwa desturi ndiye anayemtafuta kocha na kumpendekeza kwa mmiliki. Ya tatu ni ya kocha mkuu, ambaye Wamarekani humwita meneja, na ambaye kwa michezo 162 ya msimu hupanga nani aanze, nani arushe mpira, na lini mrushaji aliyechoka atolewe. Mpangilio huu una faida moja kubwa kuliko zote, nayo ni kwamba kila uamuzi una mtu wa kuulizwa: timu ikikosa wachezaji huulizwa meneja mkuu, na wachezaji wakitumiwa vibaya huulizwa kocha, na iwapo kocha mwenyewe hafai huulizwa tena meneja mkuu aliyemleta. Mmiliki akishuka ngazi na kuamua mwenyewe, swali hilo hupoteza pa kwenda, kwa maana hakuna anayeweza kumfukuza mwenye mali.

Hali ya White Sox kabla ya mwaka 2020 ilikuwa ya subira ndefu. Mwishoni mwa 2016, chini ya meneja mkuu Rick Hahn, klabu iliamua kuivunja timu yake na kuijenga upya, mkakati ambao maana yake ni kuwatoa nyota waliopo ili kupata vijana wengi watakaokomaa kwa pamoja baada ya miaka kadhaa. Mrushaji Chris Sale alipelekwa Boston, na kwa ajili yake wakaja Yoán Moncada na Michael Kopech; Adam Eaton akaenda Washington, akaja Lucas Giolito pamoja na warushaji wengine wawili; na Julai 2017 José Quintana alivuka mji kwenda kwa wapinzani wao wa Chicago Cubs, ambao walimtoa Eloy Jiménez na Dylan Cease. Mwaka huohuo wakamsajili Mcuba Luis Robert kwa dola milioni 26. Aliyekabidhiwa kazi ya kuwalea vijana hao alikuwa kocha Rick Renteria, ambaye alijua fika kwamba angepoteza michezo mingi kabla ya kushinda: michezo 95 mwaka 2017, michezo 100 mwaka 2018, na michezo 89 mwaka 2019. Hakuna kocha anayependa kuandikiwa hesabu hizo katika jina lake, na mtu anayekubali kuzibeba kwa ajili ya mpango wa klabu anastahili angalau kuonja matunda yake.

Matunda hayo yalianza kuiva mwaka 2020, msimu uliofupishwa hadi michezo 60 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ambapo White Sox walishinda michezo 35, wakaingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2008, na José Abreu akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka wa ligi yao. Katika mtoano walikutana na Oakland, wakashinda mchezo wa kwanza, wakapoteza wa pili, na katika wa tatu, tarehe 1 Oktoba, Renteria alimtoa mrushaji wake wa kuanzia, Dane Dunning, baada ya wapigaji wanne tu, kisha akabadilisha mmoja baada ya mwingine hadi idadi ya waliorusha siku hiyo ikafika tisa. Kijana Garrett Crochet, aliyetarajiwa kuziba pengo kubwa, aliumia mkono mapema na kutoka. White Sox wakafungwa 6 kwa 4. Tarehe 12 Oktoba klabu ilitangaza kuachana na Renteria, na msikilizaji anaweza kujiuliza kama mchezo mmoja, hata uwe mbaya kiasi gani, unatosha kumwondoa mtu aliyevumilia miaka minne. Ilikuwa mara ya pili kwake kupatwa na jambo hilo mjini Chicago, kwa kuwa mwaka 2014 Cubs walimwondoa baada ya msimu mmoja ili wampate Joe Maddon aliyekuwa huru wakati huo.

Hata hivyo, kumwondoa Renteria kungeweza kutetewa. Hahn aliwaeleza waandishi wa habari siku hiyo kwamba klabu ilikuwa inaingia hatua nyingine, na kwamba mtu waliyemtaka ni mwenye uzoefu wa michezo ya Oktoba pamoja na klabu iliyotwaa ubingwa katika miaka ya karibuni. Maelezo hayo yalikuwa wazi kiasi kwamba kila aliyeufuatilia mchezo alijua majina mawili yaliyolengwa. A.J. Hinch alikuwa ameipa Houston ubingwa wa 2017, na Alex Cora ameipa Boston ubingwa wa 2018. Wote wawili walikuwa wakitumikia adhabu ya kufungiwa msimu mzima wa 2020 kwa sababu ya kashfa ya Houston ya kutumia kamera kunasa ishara ambazo mdakaji humpa mrushaji wake, na adhabu hiyo ilikuwa inamalizika pamoja na fainali. Fainali zilimalizika tarehe 27 Oktoba. Tarehe 29, White Sox walitangaza kwamba kocha wao mpya ni Tony La Russa, mwenye umri wa miaka 76, ambaye hakuwa amekaa kwenye benchi la klabu yoyote kama kocha mkuu tangu Oktoba 2011. Hinch alichukuliwa na Detroit siku iliyofuata, na Cora akarudi Boston mwezi Novemba.

Kumwelewa La Russa kunahitaji kurudi nyuma sana, kwa sababu uamuzi huu haukuzaliwa mwaka 2020. Alianza kazi ya ukocha mkuu katika klabu hiyohiyo ya White Sox mwaka 1979 akiwa kijana wa miaka 34, na mwaka 1983 akaiongoza kushinda michezo 99 na ubingwa wa kundi lake. Jerry Reinsdorf, aliyeinunua klabu mwaka 1981 pamoja na washirika wake, alimpenda na wakawa marafiki. Lakini mwaka 1986 shughuli za ufundi zilikuwa mikononi mwa Ken Harrelson, mtangazaji aliyepandishwa kuwa kiongozi wa ofisi, na mwezi Juni mwaka huo Harrelson akamfukuza La Russa huku mmiliki akiridhia. La Russa alipata kazi Oakland katika muda wa wiki chache, akatwaa ubingwa wa 1989, kisha akaenda St. Louis na kutwaa mwingine mara mbili, mwaka 2006 na 2011, na mwaka 2014 akaingizwa katika jumba la Cooperstown linalowaenzi magwiji wa mchezo huo. Kwa zaidi ya miongo mitatu Reinsdorf alirudia hadharani kwamba kumwacha Harrelson amfukuze rafiki yake ni jambo analolijutia kuliko karibu yote aliyoyafanya katika besiboli.

Majuto hayo yalikuwa ya kweli, na yanamheshimisha mtu aliyekuwa nayo. Tatizo ni kwamba deni la mwaka 1986 lilikuwa la Reinsdorf kwa La Russa, ilhali kilicholipiwa deni hilo mwaka 2020 hakikuwa mali ya Reinsdorf peke yake: kilikuwa miaka bora ya uchezaji ya Abreu, Moncada, Jiménez, Robert na Tim Anderson, ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezaliwa La Russa alipofukuzwa, na ambao ofisi ilikuwa imeingia gharama ya misimu mitatu ya kushindwa ili kuijenga timu yao. Mtu akitaka kumwomba rafiki radhi anaweza kumpa heshima nyingi: kumwita mshauri, kustaafisha jezi yake, kumpa kiti mezani. Kumpa kazi ambayo watu wengine wanaitegemea ni jambo la namna nyingine.

Yafaa hapa kuondoa hoja mbili ambazo zilitumika sana wakati huo na ambazo hazina nguvu. Ya kwanza ni umri. Dusty Baker alikuwa na miaka 72 alipoiongoza Houston kuwatoa White Sox katika mtoano wa 2021, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 73, alitwaa ubingwa. Kwa hiyo uzee wenyewe haumzuii mtu kufundisha besiboli. Ya pili ni kwamba mmiliki kuchagua kocha daima huleta maafa. Baker mwenyewe aliletwa na mmiliki Jim Crane mwezi Januari 2020, kabla hata ya klabu hiyo kupata meneja mkuu mpya. Lakini tofauti ni kubwa: Houston ilikuwa imewafukuza kocha na meneja mkuu kwa siku moja kwa sababu ya kashfa, hapakuwa na mtu wa kati wa kufanya kazi hiyo, na Baker alikuwa amefundisha Washington hadi mwaka 2017. Chicago ilikuwa na meneja mkuu aliyekuwepo kazini, aliyekwisha kutangaza vigezo mbele ya umma, na ambaye siku kumi na saba baadaye alilazimika kumtambulisha mtu asiyekidhi vigezo hivyo kama chaguo la klabu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumuuliza Hahn swali la haki kuhusu benchi lake, kwa sababu kila mtu alijua jibu lilikuwa kwa mwingine.

Mambo yakazidi kuwa magumu mwezi Novemba, ilipofahamika kwamba La Russa alikuwa amekamatwa Februari mwaka huo huko Phoenix kwa tuhuma za kuendesha gari akiwa amelewa, kwamba mashtaka yalifunguliwa siku moja kabla ya kutangazwa kwake, na kwamba klabu ilijua habari za kukamatwa kwake ilipomwajiri. Baadaye alikiri kosa dogo zaidi la kuendesha kwa uzembe. Jambo hilo peke yake halikumfanya kuwa kocha mbaya, lakini lilionyesha jinsi uamuzi ulivyofungwa mapema: mchakato wa kawaida wenye wagombea kadhaa na mahojiano ungelipa suala hilo muda wa kupimwa.

Uwanjani, msimu wa 2021 ulikuwa mzuri, na haki inataka hilo lisemwe bila kuzungushwa. White Sox walishinda michezo 93, wakatwaa ubingwa wa kundi lao kwa tofauti ya michezo 13, na kwa mara ya kwanza katika historia ya klabu wakaingia mtoano misimu miwili mfululizo. Jiménez alikuwa ameumia kifua kabla msimu haujaanza na Robert akaumia nyonga mapema, lakini timu ikasonga. Mwezi Juni La Russa alimpita John McGraw na kuwa kocha wa pili kwa wingi wa ushindi katika historia yote, nyuma ya Connie Mack. Mtu aliyetazama msimamo wa ligi tu angesema mmiliki alikuwa sahihi.

Waliotazama mchezo mmoja mmoja waliona mengine. Tarehe 5 Mei mjini Cincinnati, timu zilimaliza zamu zote tisa bila pointi. Tangu mwaka 2020 ligi imeweka kanuni kwamba katika kila zamu ya nyongeza timu huanza ikiwa na mkimbiaji kwenye kituo cha pili ili mchezo usirefuke, na mkimbiaji huyo ni mtu wa mwisho katika orodha ya wapigaji kabla ya yule anayeanza. Lakini iwapo mtu huyo ni mrushaji, klabu inaruhusiwa kumweka aliye mbele yake katika orodha. La Russa hakuijua sehemu hiyo ya mwisho. Alimweka kwenye kituo Liam Hendriks, mrushaji aliyesajiliwa Januari kwa mkataba wa dola milioni 54, badala ya Abreu. Mrushaji wa kufunga mchezo, ambaye klabu inalinda mkono na miguu yake kama mboni ya jicho, akawa anakimbia vituo. White Sox hawakupata pointi, wakafungwa 1 kwa 0, na kocha akaelezwa kanuni hiyo na waandishi wa habari baada ya mchezo, akakubali kwamba hakuijua.

Siku kumi na mbili baadaye, mjini Minneapolis, timu ikiongoza 15 kwa 4 katika zamu ya mwisho, wapinzani walimweka mchezaji asiye mrushaji, Willians Astudillo, arushe mipira ya polepole ili mchezo uishe. Kijana Yermín Mercedes, katika msimu wake wa kwanza kamili, aliupiga mmoja ukavuka uzio. Mila ya zamani ya mchezo inasema aliyekwisha shinda asiongeze. Vijana wa leo hawaitambui sana mila hiyo. La Russa alisema hadharani kwamba Mercedes amekosea sana na kwamba alikaidi ishara ya benchi, na kesho yake mrushaji wa Minnesota alipomrushia Mercedes mpira kwa nyuma, kocha wake mwenyewe akasema haoni tatizo. Anderson na mrushaji mkongwe Lance Lynn walimtetea Mercedes waziwazi. Hapa ndipo pengo lilipoonekana kwa ukaribu wake wote: kocha ambaye wachezaji wangepaswa kumwamini kuwa ukuta wao alisimama upande wa aliyemrushia mwenzao, kwa ajili ya kanuni isiyoandikwa popote.

Maamuzi ya ofisi katika mapumziko ya 2020 na yaliyofuata nayo yalikuwa na kigugumizi chake, na kisa cha mrushaji Carlos Rodón kinatosha kukionyesha. Rodón, aliyechaguliwa na White Sox wa tatu katika mgawo wa vijana wa 2014, alikuwa ameandamwa na majeraha, na Desemba 2020 klabu ikakataa kumpa mkataba, akawa mchezaji huru. Wiki kadhaa baadaye klabu hiyohiyo ikamrudisha kwa dola milioni 3. Tarehe 14 Aprili 2021 alicheza na Cleveland mchezo mzima bila mpigaji hata mmoja kuupiga mpira na kufika kituo kwa mpigo huo, na alikuwa wapigaji wawili tu kutoka ukamilifu kabisa pale mpira wake ulipomgonga Roberto Pérez mguuni. Alimaliza msimu kwa ushindi 13 na vipigo 5. Kisha likaja jambo ambalo mpaka leo ni gumu kulieleza. Kwa kanuni za ligi, klabu inayokaribia kumpoteza mchezaji huru mzuri inaweza kumpa ofa ya mwaka mmoja, ambayo mwaka huo ilikuwa dola milioni 18.4, na akiikataa na kuondoka, klabu hulipwa nafasi ya ziada katika mgawo wa vijana. White Sox, wakihofia bega la Rodón lililochoka mwishoni mwa msimu, hawakumpa hata ofa hiyo. Alikwenda San Francisco, akacheza vizuri tena, na mwaka mmoja baadaye New York Yankees wakampa mkataba wa dola milioni 162. Chicago haikupata chochote.

Mapumziko hayohayo ya 2021 yalikuwa na mzigo mwingine, mrushaji Craig Kimbrel, aliyepatikana Julai kutoka Cubs kwa kumtoa Nick Madrigal na mwenzake, kisha akacheza vibaya. Ingawa nafasi ya kufunga mchezo ilikuwa ya Hendriks, klabu ilitumia kipengele cha mkataba na kumbakiza Kimbrel kwa dola milioni 16 kwa matumaini ya kumbadilisha. Desemba wamiliki wa ligi nzima wakafunga milango katika mgogoro wao na chama cha wachezaji, shughuli zote za usajili zikasimama hadi tarehe 10 Machi 2022, na Kimbrel akaondoka kwenda Los Angeles Dodgers tarehe 1 Aprili tu, siku chache kabla ya msimu kuanza, baada ya fedha zake kukaa zimefungwa karibu mapumziko yote.

Mwaka 2022 ndio uliolipa gharama. Tarehe 9 Juni White Sox walikuwa nyumbani wakicheza na Dodgers hao. Msikilizaji akumbuke kwamba mpigaji hutolewa akipata mipira mitatu mizuri bila kuipiga, na hutembea bure hadi kituo cha kwanza akirushiwa minne mibaya. Trea Turner alikuwa ameshapata miwili mizuri na mmoja mbaya, maana yake mrushaji alihitaji mpira mmoja tu kumaliza kazi, lakini kituo cha kwanza kilikuwa wazi na La Russa akaamuru Turner atembezwe bure ili wakabiliane na Max Muncy. Muncy akaupiga mpira nje ya uzio, wakakimbia watatu, na mchezo ukaisha 11 kwa 9. Alipoulizwa, kocha alishangaa kwamba swali hilo linaulizwa. Mwezi huo mashabiki uwanjani walikuwa wakiimba kwa sauti moja kwamba afukuzwe, jambo zito kwa mtu mwenye mataji matatu. Tarehe 30 Agosti madaktari walimzuia kuendelea kwa sababu ya moyo, na tarehe 3 Oktoba alistaafu. Katika taarifa yake alikiri kwamba matokeo hayakubaliki na kwamba hakufanya kazi aliyoletwa kuifanya. Katika kisa hiki chote ni yeye aliyesema maneno hayo kwa uwazi, na hilo linapaswa kuhesabiwa katika heshima yake. Timu ilimaliza na ushindi 81 na vipigo 81.

Baada yake ofisi iliachiwa itafute kocha kwa njia ya kawaida, ikampata Pedro Grifol kutoka Kansas City, na msimu wa 2023 ukaisha na vipigo 101. Kwa hiyo mchakato mzuri nao haukuwaokoa. Kufikia hapo Abreu alikuwa amekwenda Houston, Anderson ameporomoka kabisa, na baadhi ya wachezaji waliotarajiwa kuwa katika kilele chao walikuwa wakiandamwa na majeraha. Agosti 2023 Reinsdorf aliwafukuza Hahn na mkubwa wake Kenny Williams, na hapo angeweza kuuvunja mtindo wa zamani. Badala yake, siku tisa baadaye, alimpandisha Chris Getz aliyekuwa akisimamia timu za vijana, bila kumhoji mtu mwingine yeyote, akieleza kwamba mgeni angehitaji mwaka mzima kuwafahamu watu wa klabu na kwamba yeye hana mwaka wa kupoteza. Ni hoja ileile ya 2020 katika vazi jingine: mtu anayejulikana ni bora kuliko swali lililoulizwa vizuri.

Getz alimbakiza Grifol, akamtoa Cease kwenda San Diego katikati ya Machi 2024 wakati kambi za mazoezi zikikaribia kufungwa, na akaingia msimu na kikosi cha wakongwe wa mikataba midogo. Kati ya Julai na Agosti timu ilipoteza michezo 21 mfululizo. Grifol akafukuzwa tarehe 8 Agosti akiwa na ushindi 28 na vipigo 89, na tarehe 27 Septemba, mjini Detroit, mbele ya timu ya A.J. Hinch iliyokuwa ikisherehekea kuingia mtoano usiku huohuo, White Sox walifungwa 4 kwa 1 na kufikisha kipigo cha 121, wakiipita New York Mets ya mwaka 1962.

Katika ligi za Marekani timu mbovu hufarijiwa kwa kupewa nafasi ya juu katika mgawo wa vijana wa mwaka unaofuata. Lakini mkataba wa ligi uliotiwa saini baada ya mgogoro wa 2022 unazizuia klabu za miji mikubwa kuingia katika droo ya nafasi za juu miaka miwili mfululizo, na White Sox walikuwa wameshaingia mwaka 2024. Hivyo Julai 2025, wakiwa wametoka katika msimu mbaya kuliko yote, wakiwa na kocha mpya Will Venable na wakiwa wamebaki na Robert peke yake kati ya vijana wale waliokusanywa tangu 2016, walisubiri klabu tisa zichague kwanza, kisha wakachagua wa kumi.